Virginia Apgar: daktari aliyetufundisha kumtazama mtoto dakika ya kwanza

Mama, ulipojifungua huenda ulimsikia mkunga akitaja namba mbili, kama 8 na 9, kisha akaziandika kwenye fomu yako. Wengi hudhani ni uzito au saa. Zile ni alama za Apgar, na Apgar ni jina la mtu.

Alikuwa nani?

Virginia Apgar alizaliwa mwaka 1909 huko Westfield, jimbo la New Jersey, Marekani. Nyumbani kwao ugonjwa haukuwa mgeni: kaka yake mmoja alifariki kwa kifua kikuu, na mwingine aliugua mara kwa mara. Alihitimu udaktari mwaka 1933 katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Alitaka kuwa daktari wa upasuaji, lakini mkuu wake alimshauri aache, kwa kuwa wanawake waliomtangulia hawakufanikiwa kujikimu kwa kazi hiyo. Akageukia utoaji wa dawa za usingizi. Mwaka 1949 akawa mwanamke wa kwanza kuwa profesa kamili katika kitivo chake cha udaktari.

Alichokiona chumba cha kujifungulia

Kazi ya usingizi ilimpeleka kwa wajawazito. Huko aliona jambo lililomsumbua: macho yote yalikuwa kwa mama, na mtoto hakuwa na utaratibu wake. Baadhi ya watoto waliozaliwa wadogo sana, wa bluu au wasiopumua vizuri waliwekwa pembeni na kuandikwa kuwa wamezaliwa wafu.

Inasimuliwa kwamba asubuhi moja, wakati wa kifungua kinywa, mwanafunzi alimuuliza jinsi ya kujua hali ya mtoto aliyezaliwa sasa hivi. Apgar akachukua karatasi na kuandika mambo matano:

- rangi ya mwili
- mapigo ya moyo
- mtoto anavyoitikia akiguswa
- nguvu ya mikono na miguu
- upumuaji

Kila jambo hupewa 0, 1 au 2, na jumla ya juu ni 10. Alichapisha kipimo hiki mwaka 1953. Hakihitaji mashine; kinahitaji mtu wa kumtazama mtoto.

Kipimo hicho kilimgusa hata yeye. Yeye na wenzake waligundua kuwa gesi moja ya usingizi aliyoipenda ilikuwa ikiwadhoofisha watoto. Akaiacha.

Mwaka 1959 alihamia shirika la March of Dimes, akaelimisha wazazi kuhusu watoto wanaozaliwa na kasoro. Alifariki mwaka 1974, akiwa na miaka 65.

Wewe ujue nini?

Mtoto hupimwa dakika ya kwanza na dakika ya tano. Alama 7 hadi 10 ni nzuri. Ni wachache wanaopata 10 dakika ya kwanza, kwa sababu viganja na nyayo huchelewa kupata rangi. Kwa watoto wetu wenye ngozi nyeusi, mkunga hutazama midomo, ulimi, viganja na nyayo.

Alama ikiwa chini ya 7, mtoto anahitaji uangalizi wa karibu na pengine msaada. Mtoto asiyepumua husaidiwa papo hapo, bila kusubiri kuhesabu alama. Kama dakika ya tano bado iko chini, hupimwa tena kila dakika tano, hadi dakika ya 20.

Usiichukue namba hiyo kama hukumu. Haipimi akili, na peke yake haisemi mtoto atakuwaje akikua. Wengi walioanza na 4 walifika 8 kabla mama hajamaliza kufutwa jasho. Muulize mkunga wako: mwanangu alipata ngapi, na alisaidiwaje? Ni haki yako kujua.

Mkifika nyumbani, kumtazama mtoto ni kazi yako. Mrudishe kituoni mara moja, hata usiku, ukiona:

- hanyonyi, au amelegea na haamki vizuri
- anapumua haraka au kwa shida
- ana degedege
- mwili una joto kali au umekuwa wa baridi
- viganja au nyayo zimekuwa za njano

Usingoje asubuhi. Apgar alitaka mtoto atazamwe, na asaidiwe mapema.