Olave Baden-Powell, mama wa magidi aliyezikwa Nyeri

Kila tarehe 22 Februari magidi wa dunia nzima wanafanya siku yao. Wanavaa fulari, wanaimba, wanakumbuka wasichana wenzao wa nchi zingine, na kila mmoja anatoa kafaranga kadogo. Tarehe hiyo ni siku ya kuzaliwa ya watu wawili, bwana na bibi yake. Bwana tunamjua wengi: Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti. Bibi yake anasahaulika. Aliitwa Olave, na kaburi lake halipo Ulaya, liko hapa hapa Afrika ya Mashariki, kule Nyeri nchini Kenya. Tunamleta leo kwa sababu mzazi wa Baraka au wa Fizi anayejiuliza kama binti yake wa miaka 13 aende na magidi au abaki nyumbani, anauliza swali ambalo wazazi wa wakati wa Olave waliliuliza pia, na kwa ukali zaidi.

Kwanza hili neno. Ndugu zetu wa ng'ambo ya ziwa wakilisikia kwa matamshi ya Kiingereza wanashituka kidogo, juu linakaribia gaidi, na gaidi hakuna anayemtaka kwake. Sisi tulilipata kupitia Kifaransa, tukasema gidi, basi tumepona. Maana yake ni mtu anayeonyesha njia.

Olave Soames alizaliwa mwaka 1889 karibu na mji wa Chesterfield, Uingereza. Baba yake alikuwa na kiwanda cha pombe, pesa haikuwa tatizo. Lakini shule ilikuwa tatizo. Alifundishwa nyumbani tu, na masomo yakaisha akiwa na miaka 12. Familia ilihama-hama sana. Kabla ya kufikisha miaka 23 alikuwa amekaa katika nyumba 17. Alicheza tenisi, aliogelea, alipiga fidla, alizunguka na mbwa wake. Ukisoma maisha yake ya ujana unaona binti mwenye nguvu nyingi ambaye hakuna aliyempa kazi ya kufanya. Huko kwetu mabinti wanaokatishwa masomo katika umri ule ule si wachache, tofauti ni kwamba wao wanapewa kazi nyingi kupita kiasi: maji, kuni, watoto wa dada, shamba.

Wakati Olave anazunguka na mbwa, mambo yalikuwa yanatembea pengine. Robert Baden-Powell, jenerali aliyejulikana kwa kuzingirwa siku 217 huko Mafeking, Afrika Kusini, alifanya kambi ya kwanza ya wavulana mwaka 1907 katika kisiwa cha Brownsea. Mwaka uliofuata akatoa kitabu, na vijana wakaanza kujipanga wenyewe. Mwezi wa 9 mwaka 1909 alikusanya maskauti huko London, mahali panaitwa Crystal Palace. Katikati ya maelfu ya wavulana wakatokea wasichana waliojishonea nguo za skauti, bila kualikwa na mtu. Wakataka nao waandikwe. Hapo ndipo magidi walizaliwa, na mimi naona ni vizuri kulikumbuka: wasichana hawakuletewa programu, waliidai. Mwaka 1910 Robert akaomba dada yake, Agnes Baden-Powell, aongoze kazi ya wasichana.

Haikuwa rahisi. Watu waliona ni aibu msichana kulala kwenye hema, kupanda mlima, kuvaa kofia na kushika fimbo. Agnes alilazimika kuwatuliza wazazi kwa kuonyesha kwamba binti atajifunza pia kupika na kutunza wagonjwa. Kazi hiyo ngumu ya mwanzo ni yake, na historia haijamlipa vizuri.

Mwezi wa kwanza mwaka 1912 Olave alipanda meli Arcadian pamoja na baba yake, na Robert alikuwa ndani akienda kutembelea maskauti duniani. Wakapendana. Yeye alikuwa anakaribia miaka 23, bwana 55. Waliona ndoa mwezi wa 10 mwaka ule ule, kimya kimya, ili waandishi wa magazeti wasiwasumbue. Maskauti wa Uingereza walichanga senti moja moja kila mtu, wakawanunulia gari. Watoto watatu walizaliwa: Peter, Heather na Betty. Baadaye, dada ya Olave alipokufa mwaka 1919, wakachukua na mabinti zake watatu, nyumba ikawa na watoto sita.

Mwaka 1914 Olave aliomba kusaidia kazi ya magidi. Wakamkatalia, wakisema bado kijana. Hakulia, vita ilikuwa imeanza. Akaenda Calais, Ufaransa, kuhudumia askari chai na chakula kwenye kibanda cha mapumziko. Aliporudi mwaka 1916 wakampa jimbo moja, Sussex, alipange. Alizunguka kila mji akitafuta wanawake wa kuongoza, akaandikisha mpaka wale wazee wakashangaa. Mwezi wa 10 mwaka huo huo akawa kamishna mkuu, mwaka 1918 akapewa cheo cha Gidi Mkuu, na mwaka 1930 akachaguliwa Gidi Mkuu wa dunia, cheo ambacho hakuna mwingine aliyepewa mpaka leo. Agnes alisukumwa pembeni kidogo kidogo. Hilo pia lilitokea, na katika vyama vyetu tunalijua: anayepanda na anayevuna si lazima wawe mtu mmoja.

Sasa, ni kitu gani hasa alikuwa anasambaza? Hapa ndipo wazazi wanapouliza sana, basi tukae kidogo.

Kitovu cha programu ni patruyi. Ni kikundi kidogo cha mabinti sita mpaka nane. Kinaongozwa na binti mwenzao, wa miaka 14 au 15, siyo mtu mzima. Ana msaidizi. Wengine nao wana kazi: mmoja anashika daftari na pesa ya kikundi, mwingine vyombo vya kupikia, mwingine sanduku la dawa za huduma ya kwanza. Hakuna anayekuja kukaa tu. Mashefu wa patruyi wanakutana katika baraza lao na sheftene, yule mama au dada mkubwa mwenye kusimamia, na wanaamua pamoja nini kifanyike mwezi ujao na ugomvi fulani umalizike vipi. Sheftene mzuri anaongea kidogo. Binti wa miaka 14 ambaye nyumbani haulizwi maoni juu ya chochote, pale anaulizwa, na akikosea pesa ya kikundi anajibu mbele ya wenzake. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo shule yenyewe. Nyimbo na fulari ni nguo tu.

Halafu kuna ahadi. Binti mpya anajifunza kwanza sheria za magidi, anajaribu kuziishi, na anapoona yuko tayari anaahidi mbele ya wote. Ahadi ina sehemu tatu, ndiyo maana alama ya magidi ni jani lenye vidole vitatu na salamu yao ni ya vidole vitatu. Baada ya hapo anachagua ujuzi anaotaka: kufunga jeraha, kushona, kusoma ramani, kuogelea, kulea mtoto. Anajifunza kwa kufanya, anaonyesha mbele ya mtu anayeujua ule ujuzi, na anashona alama kwenye nguo yake. Mabinti wa kando ya Tanganyika wengi wanaogelea tangu utoto, lakini ni wangapi wanajua kumsaidia mtu aliyetolewa majini akiwa ameacha kupumua? Hilo linafundishwa kwa kurudia-rudia, si kwa hotuba.

Na kuna kambi. Hapa neno lenyewe linauma, maana kwetu ukisema kambi watu wanaona Lusenda, wanakumbuka Nyarugusu. Kambi ya magidi ni kitu kingine: siku chache, kila patruyi inajijengea mahali pake, inapika, inachimba choo, inazima moto kabla ya kuondoka. Pale usalama unapokosekana hakuna wa kulazimisha mabinti walale porini. Inafanyika ya siku moja kwenye uwanja wa shule au wa kanisa, na jua likianza kushuka kila mtu yuko kwao. Mzazi ana haki ya kujua sheftene ni nani, mabinti watakuwa wapi na watarudi saa ngapi. Kama hakuna wa kumjibu, amuzuie mutoto.

Programu hii imetumika pia kwa waliokimbia. Miaka ya kuvuka kuingia 2000, chama cha magidi cha dunia pamoja na HCR kilifundisha wasichana wakimbizi nchini Uganda, Zambia na Misri juu ya afya yao, kwa njia ile ile ya vikundi na alama: binti anajifunza, kisha anamfundisha rafiki yake. Mambo ya hedhi, mimba za mapema na ukimwi, ambayo mama na binti wanaoneana haya kuyazungumza, rafiki anayasema.

Turudi kwa Olave. Mwaka 1926, katika mkutano wa magidi huko Marekani, wajumbe walichagua siku yake na ya bwana yake iwe siku ya kukumbukana. Mwaka 1932 wakiwa Poland, mjumbe mmoja wa Ubelgiji, nchi iliyokuwa inatutawala, akasema siku ya kuzaliwa inaendana na zawadi. Olave akaandikia magidi wote kuwaomba senti moja kila mtu, kusaidia kazi katika nchi zingine. Kale kafaranga ka Februari katokea pale.

Lakini tusimpake asali tu. Kazi yake ilipita katika njia za ukoloni. Afrika Kusini, wasichana weusi waliwekwa katika chama chao pembeni, Wayfarers, na ni mwaka 1936 tu walipopokelewa ndani ya magidi, na hata hapo bado katika safu yao peke yao. Sheria ilisema gidi ni dada wa kila gidi, ila dada wengine walingoja nje ya mlango.

Mwaka 1938, Robert akiwa amechoka, walihamia Nyeri na kukaa katika nyumba ndogo waliyoiita Paxtu, kwenye kiwanja cha hoteli Outspan. Robert alikufa tarehe 8 Januari 1941. Mwaka uliofuata Olave alipanda meli kurudi Uingereza, wakati manowari za Wajerumani zinazamisha meli baharini. Nyumba yake ya zamani ilikuwa imechukuliwa na wanajeshi wa Kanada, basi mfalme akampa vyumba katika jumba la Hampton Court. Huko hakukaa sana. Alikuwa mjane wa miaka 50 na kitu, akaanza kuzunguka dunia, nchi baada ya nchi, jumla 111 katika maisha yake. Moyo ulimsumbua akiwa Australia mwaka 1961, akaendelea. Ni mwaka 1970 daktari alipomkataza kabisa kusafiri.

Alikufa tarehe 25 Juni 1977 akiwa na miaka 88. Majivu yake yaliletwa Nyeri na kuwekwa katika kaburi la bwana yake, kwenye uwanja wa kanisa la Mtakatifu Petro, mahali pa kuuona mlima Kenya mawingu yakiondoka. Juu ya jiwe wamechonga duara lenye nukta katikati. Ni ile alama ambayo patruyi inaiacha mwisho wa njia, kwa wale wanaofuata nyuma, kuwaambia kwamba aliyetangulia amekwisha kurudi nyumbani.