Al-Biruni na Lugha ya Wahindi

Abu Rayhan al-Biruni alizaliwa Khwarizm mwaka 973. Mwaka 1017 Sultan Mahmud alimchukua Ghazna, na kwa sababu hiyo akaifikia Bara Hindi. Umri wake ulikwisha pita miaka 40. Hata hivyo aliketi mbele ya wanavyuoni wa Kihindi akajifunza Kisanskriti, wala hakuona haya. Alitoa mali yake kukusanya vitabu vyao, akafasiri baadhi yake kwa Kiarabu, na mnamo 1030 akatunga kitabu akieleza itikadi zao bila ya kuwazulia.

Vijana wetu walioko Athi River, katika viwanda vya EPZ, hufanya kazi na watu waliotoka Bara Hindi, na wengi hawaijui lugha yao. Fedha tuzimwagazo arusini zingemsomesha huko japo mmoja. Basi na tuchange. Wabillahi tawfiq.