Lazzaro Spallanzani, Padre Aliyechunguza Mbegu za Uhai

Mhariri wetu aliponiomba niandike maisha ya mtu mashuhuri, wenzangu walidhani nitachagua mfalme au jemadari. Mimi nimemchagua padre wa Italia aliyefariki zaidi ya miaka 200 iliyopita, kwa kuwa kazi yake inawagusa wafugaji wa Shinyanga na Geita hata leo.

Lazzaro Spallanzani alizaliwa mwaka 1729 katika mji mdogo wa Scandiano. Baba yake alikuwa mwanasheria, naye kijana akapelekwa Bologna kusoma sheria. Huko alimkuta ndugu yake, Bibi Laura Bassi, aliyekuwa mwalimu wa fizikia, na mama huyo akamvuta upande wa sayansi. Basi akaiacha sheria, akawa padre, na tangu mwaka 1769 hadi alipofariki mwaka 1799 alikuwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Pavia. Alichemsha mchuzi katika chupa zilizozibwa barabara, akaonyesha kwamba vijidudu havizuki vyenyewe.

Lakini mimi nampendea kazi nyingine. Katika maandishi yake ya mwaka 1776 alieleza kwamba mbegu za dume zikiwekwa katika baridi ya theluji hutulia kama zimekufa, na zikipata joto huanza kuogelea tena. Mwaka 1780 alimfungia mbwa jike chumbani, ufunguo akaushika mwenyewe, kisha akamtia mbegu za dume kwa bomba la sindano. Baada ya siku 62 mbwa yule alizaa watoto watatu.

Tena alizichuja mbegu za chura kwa karatasi. Maji yaliyopita hayakuweza kuyapa mayai uhai, ila masalio ya kwenye karatasi yaliweza. Jibu lilikuwa mkononi mwake, lakini yeye alishikilia kwamba mtoto yumo katika yai tayari, na mbegu zile zinazoogelea hazina kazi. Hata hivyo aliandika kwa uaminifu yote aliyoyaona, na waliokuja nyuma yake wakafaidika.

Mwaka 1949 wataalamu wa Uingereza waligundua kwamba gliserini huzikinga mbegu zinapogandishwa. Siku hizi Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji kilichopo Usa River, Arusha, huweka mbegu za madume bora katika mirija midogo, ndani ya mitungi ya naitrojeni ya kimiminika yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri.

Kutoka Arusha hadi kwetu ni mbali, na jua ni kali. Baba yangu mdogo huchimba dhahabu Rwamagasa, Geita, na kila apatapo kitu hununua ng'ombe. Mwaka jana alilipa ili mtamba wake apandishwe kwa mrija, lakini hakushika mimba. Aliambiwa kwamba huenda naitrojeni ilipungua mtungini. Fedha ya jasho la shimoni ikapotea, na ndama hakuna.

Hata naitrojeni isipopungua, kugandishwa na kuyeyushwa huziumiza mbegu. Ngozi yake nyembamba ina mafuta, na oksijeni huyachachisha kama samli iliyoachwa wazi. Kwa hiyo wataalamu wa nchi mbalimbali wamejaribu kutia maji ya mimea, kama majani ya chai na mlonge, katika dawa ya kuhifadhia mbegu. Mimea hiyo ina antioksidanti, yaani vitu vinavyoipokea oksijeni kali kabla haijayafikia mafuta. Kipimo kidogo kimeonekana kusaidia. Kikizidi, mbegu hufa. Basi wazazi wetu wasije wakachemsha mlonge nyumbani wakamtilia mtamba!

Tumaini langu kubwa liko katika mbegu zinazopozwa tu bila kugandishwa, ambazo hudumu siku chache. Zikiweza kuongezewa siku mbili tatu kwa msaada wa mimea, mfugaji aliye mbali na naitrojeni atapata nafuu. Mlonge humea hata penye ukame kama kwetu. Kazi iliyobaki ni kupima, na kupima kwataka watu wenye subira ya yule padre. Wadogo zangu wa kidato cha kwanza na cha pili, mkifika kwenye darubini, andikeni mnachokiona, hata kama hakipatani na mlichotazamia.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne