Wright, aliyejenga nyumba juu ya maporomoko

Msanifu majengo Frank Lloyd Wright, mzaliwa wa Wisconsin, Marekani, mwaka wa 1867, alikuwa akikaribia umri wa miaka 70 na wengi wakidhani enzi yake imekwisha, Edgar Kaufmann alipomwomba aijengee familia yake nyumba ya mapumziko huko Bear Run, Pennsylvania. Tajiri huyo alitarajia kuyatazama maporomoko kwa mbali. Wright akaiweka nyumba juu yake, na mwamba wa asili akauacha sakafuni mbele ya meko.

Wahandisi walizitilia shaka roshani zilizoning'inia bila nguzo, wakaongeza nondo. Wright, mkaidi kama kawaida yake, alighadhibika. Alifariki mwaka wa 1959. Roshani ziliendelea kuinama hadi zilipoimarishwa kwa nyaya za chuma mwaka wa 2002.