Gunpei Yokoi: Fundi wa karata aliyeondoka, gemu yake ikanoga bila yeye

Hapa Moi's Bridge kuna kibanda cha gemu ambacho ni kama nimelelewa ndani yake. Runinga tatu, PlayStation 2 za mtumba, viti vya plastiki na kelele kutoka asubuhi hadi jioni. Juzi ubishi ulizuka. Dogo mmoja wa Form Two alishikilia kwamba gemu ikitengenezwa na watu wengine, si wale walioianzisha, hiyo ni feki. Ati mwenyewe akishatoka, wanaobaki wanakula jina tu. Wenzake wakampigia makofi.

Nikamuuliza anacheza nini. San Andreas, akajibu kwa madaha. Basi nikampa historia kidogo. GTA ya kwanza ilitoka mwaka wa 1997, kazi ya kampuni ya DMA Design ya kule Dundee, Scotland. David Jones, mwanzilishi wa kampuni hiyo, alikuwa ameshaondoka GTA III ilipotoka 2001, na hakuwa na mkono katika San Andreas ya 2004. Kwa hivyo dogo, hiyo feki ndiyo imekukalisha hapa tangu saa nane mchana.

Kibanda kizima kilicheka. Lakini swali lake lilinikaa kichwani, maana si swali la kipuzi. Mwenye kitu akienda zake, kile kitu kinabaki kuwa kile kile?

Ndio maana leo nataka tuongee kuhusu mtu ambaye pengine hujawahi kusikia jina lake, ingawa kidole gumba chako kinamjua vizuri. Angalia upande wa kushoto wa pedi yako. Ile mishale minne iliyopangwa kama msalaba, wazo lake lilitoka kwa Mjapani aitwaye Gunpei Yokoi.

Fundi wa mashine za karata

Yokoi alizaliwa Septemba 10, 1941, katika jiji la Kyoto. Alisomea elektroniki katika Chuo Kikuu cha Doshisha, palepale mjini. Hakuwa mwanafunzi wa kung'ara, na kampuni kubwa za elektroniki hazikumtaka. Mwaka wa 1965 akapata kazi katika kampuni moja ya nyumbani ambayo wakati huo haikuwa na uhusiano wowote na gemu za video. Kampuni hiyo ilikuwa ikitengeneza karata. Jina lake Nintendo.

Kazi yake ilikuwa kuangalia mashine za kutengeneza karata zisikwame. Basi. Zikienda vizuri, hana la kufanya. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili karo iliponishinda, na kwa muda mrefu nilidhani mtu akianzia kwenye kona kama hiyo, huko ndiko atakakozeekea. Yokoi yeye alitumia muda huo kuchezea vyuma. Siku moja alijitengenezea mkono wa vipande vilivyounganishwa kama mkasi. Ukibana huku, unanyooka na kushika kitu kule mbali. Alikuwa akijifurahisha tu.

Mkuu wa kampuni, Hiroshi Yamauchi, akamfuma. Mahali pengine hapo ungeandikiwa barua ya onyo. Yamauchi alimwambia auboreshe ule mkono uuzwe. Ukatoka mwaka wa 1966 kwa jina la Ultra Hand na ukauzwa zaidi ya milioni moja. Kuanzia hapo fundi wa mashine akawa mtu wa kubuni vitu vya kuchezea.

Teknolojia ya mtumba

Hadithi inayosimuliwa sana kumhusu ni ya kwenye treni. Alimwona mfanyakazi mmoja, amechoshwa na safari, akibonyeza kikokotoo bila hesabu yoyote, apitishe muda tu. Yokoi akawaza: mbona mtu kama huyu asipate kagemu kadogo ka mfukoni? Wakati huo kampuni za vikokotoo zilikuwa kwenye vita vya bei, na vile vioo vyao vidogo vya kuonyesha namba vilikuwa vimekuwa rahisi mno. Mwaka wa 1980 akatoa Game & Watch, gemu na saa katika kifaa kimoja. Hadi mfululizo huo unakwisha, zaidi ya milioni 43 zilikuwa zimeuzwa.

Ule msalaba ulizaliwa humo. Mwaka wa 1982 Nintendo ilitaka kuingiza gemu ya Donkey Kong kwenye Game & Watch, lakini mkono wa kuelekeza kama ule wa mashine kubwa haungetoshea mfukoni. Yokoi akaweka kitufe bapa chenye umbo la msalaba. Leo hii wasee wanaokunja magoti mbele ya runinga pale kibandani bado wanabonyeza wazo hilo.

Falsafa yake ukiieleza kwa mtu wa jua kali ataielewa kabla hujamaliza. Yokoi aliamini usikimbilie teknolojia mpya ya bei ghali. Chukua ile iliyozeeka, iliyojulikana udhaifu wake wote, iliyoshuka bei, kisha uitumie kwa namna ambayo hakuna aliyewahi kuifikiria. Sisi tunaotengeneza redio kwa vipuri vya runinga iliyokufa tunajua anachosema.

Game Boy ya mwaka wa 1989, iliyoundwa na kikosi chake, ilikuwa falsafa hiyo ndani ya plastiki. Skrini yake haikuwa na rangi wala taa. Washindani walikuja na skrini za rangi, kama Game Gear ya Sega, iliyokula betri sita na kuzimaliza kwa saa chache tu. Game Boy ilitumia betri nne na kwenda zaidi ya saa kumi. Ukiishi mahali ambapo stima hupotea mvua ikinyesha, huhitaji kuelezwa nani alishinda. Ukijumlisha na Game Boy Color, ziliuzwa zaidi ya milioni 118. Na kama utotoni ulikuwa na ile Brick Game ya kijivu ya madukani, umecheza mtoto wa nje wa Game Boy bila kujua.

Metroid

Sasa tufike kwenye gemu yenyewe. Mwaka wa 1986, idara iliyoongozwa na Yokoi ilitoa Metroid. Unacheza kama Samus Aran, mpiganaji aliyevaa vazi la chuma, peke yake kwenye sayari ya Zebes. Hakuna wa kukuelekeza. Unapita mlango usiofunguka, unaenda mbali, unapata silaha mpya, halafu unakumbuka: ule mlango! Unarudi mbio, na sasa unafunguka. Raha yote ya Metroid iko hapo. Sayari ni ile ile, wewe ndiye umebadilika. Na ukiimaliza kwa haraka, Samus anavua kofia na unagundua umekuwa ukicheza kama mwanamke muda wote. Mwaka wa 1986 hilo lilikuwa jambo la kushtua.

Hapa kuna jambo ambalo dogo wangu wa Form Two alipaswa kulisikia. Hata Metroid ya kwanza haikuwa ya mtu mmoja. Yokoi alisimamia, Satoru Okada akaongoza, Hiroji Kiyotake akamchora Samus, na kijana Yoshio Sakamoto akawa miongoni mwao. Ilipofika Super Metroid ya 1994, Sakamoto ndiye aliyeongoza kazi, Yokoi akiwa bosi anayewaacha vijana wafanye. Alikuwa ameanza kuachilia mikononi mwa wengine mapema.

Kuanguka na kuondoka

Mwaka wa 1995 Yokoi alipata pigo. Kifaa chake cha Virtual Boy, miwani mikubwa ya kusimamishwa mezani, kilionyesha picha nyekundu kwenye giza na kuwaumiza watu macho na vichwa. Hakikufikisha mauzo ya milioni moja, na kabla ya mwaka kuisha sokoni kikaanza kuondolewa. Kwa mtu aliyekuwa ameuza makumi ya mamilioni, hiyo ni aibu.

Agosti 1996, baada ya miaka zaidi ya 30, aliondoka Nintendo. Wengi waliunganisha mambo hayo mawili. Hakukaa kulia, lakini. Alianzisha kampuni yake ndogo Kyoto, jina lake Koto, na kuanza kusaidia kampuni ya Bandai kutengeneza kifaa kipya cha mfukoni.

Oktoba 4, 1997, gari alilokuwamo liligonga lori kwenye barabara kuu ya Hokuriku. Alishuka kuangalia uharibifu. Gari lingine likamgonga. Alikuwa na umri wa miaka 56. Sisi tunaoishi kando ya barabara ya Eldoret kwenda Kitale tunaijua ajali ya aina hiyo. Mtu anaokoka ile ya kwanza, anauawa na ya pili.

Kilichofuata

Kifaa alichokiacha nusu kilimalizwa na wengine. WonderSwan ilitoka 1999, ikitumia betri moja tu. Umeona? Moja. Hakuwepo, lakini mawazo yake yalikuwepo. Na mojawapo ya gemu za kwanza kutoka nayo ilipewa jina Gunpey, kwa heshima yake.

Metroid ndiyo iliyowatia watu hofu. Baada ya 1994 ilinyamaza miaka minane. Kisha habari zikaja kwamba inayofuata inatengenezwa na Retro Studios, kampuni changa ya Austin, Texas, ambayo haikuwa imetoa gemu hata moja. Kibaya zaidi kwa mashabiki, haitakuwa ya kutazamwa kutoka kando kama zamani, bali utaona kwa macho ya Samus mwenyewe, kama gemu za kupiga risasi. Watu walilalamika sana. Yokoi amekufa, Wamarekani wamepewa jina, kwisha.

Novemba 2002 Metroid Prime ikatoka, na wenye midomo wakafunga. Ilisifiwa kuwa mojawapo ya gemu bora zaidi za kizazi chake. Kwa nini? Kwa sababu Retro, wakisimamiwa kwa karibu na watu wa Nintendo, walibadilisha kila kitu isipokuwa roho. Mvua inapiga kioo cha kofia yako. Mlipuko ukimulika, unaona uso wa Samus ukiakisiwa ndani ya kioo. Lakini bado uko peke yako, bado hakuna wa kukushika mkono, na bado kuna ule mlango unaoukumbuka saa mbili baadaye. Mwezi huo huo ikatoka Metroid Fusion, iliyotengenezwa na timu ya Sakamoto, nayo tamu kwa namna yake.

Halafu ikaja Metroid: Other M mwaka wa 2010. Hii iliongozwa na Sakamoto mwenyewe, mtu wa tangu mwanzo, akishirikiana na Team Ninja. Kama damu ya waanzilishi ndiyo dawa, hii ingepaswa kuwa bora kuliko ya Texas. Lakini mashabiki wengi waliikasirikia. Samus anakuwa na silaha zake tayari, ila hazitumii hadi kamanda ampe ruhusa. Sehemu moja anaungua ndani ya joto kali akisubiri idhini! Ule mlango wa kurudi ukiwa umebadilika ukageuka kuwa mlango wa kusubiri bosi.

Hapo ndipo mimi nimepata jibu langu. Wageni waliiga kanuni ya mchezo, wakapata. Mwenyeji aliiacha, akakosa. Jina kwenye jalada halichezi gemu. Kinachocheza ni ile kanuni ndogo iliyofanya watu waipende, na kanuni hiyo yeyote mwenye subira anaweza kujifunza.

Tusiende mbali. Mji wetu zamani uliitwa Hoey's Bridge, kwa jina la mlowezi Mzungu. Jina likabadilika, lakini lori za mahindi zinaendelea kuuvuka Nzoia. Hakuna dereva anayesimama kuuliza aliyejenga daraja yuko wapi. Anachouliza ni kama litambeba.

Na kile kibanda cha gemu? Jamaa aliyekianzisha alipata kazi Ghuba miaka miwili iliyopita. Siku ya mwisho alitukabidhi ufunguo, mimi na kijana mwingine. Wateja walituambia usoni kwamba bila yeye ni miezi mitatu tu tufunge. Tumebadilisha mengi: tumepanga viti upya, tumeongeza mashine, bei imepanda kidogo. Lakini sheria zake mbili hatujazigusa. Ukifungwa, unaachia pedi bila maneno. Na giza likianza kuingia, watoto wadogo wanaenda nyumbani, hata kama wamelipia.

Yule dogo wa San Andreas alifungwa jana. Alinuna kidogo, halafu akaachia pedi bila kuambiwa. Hakuwahi kukutana na aliyeweka sheria hiyo.