Edsel Ford na Gari Lililokatizwa na Vita

Jina Ford si geni kwenu. Tukilisikia, wengi wetu tunamfikiria mzee Henry Ford. Mimi nataka niwasimulie habari za mwanawe, Edsel, kwani naona amesahauliwa bure.

Edsel Ford alizaliwa tarehe 6 Novemba 1893 mjini Detroit, Marekani. Alikuwa mtoto wa pekee. Mwaka wa 1919, akiwa na miaka 25 tu, alifanywa rais wa kampuni ya babake. Lakini cheo ni kitu kimoja na amri ni kitu kingine. Mzee hakuachia usukani. Edsel akiamua jambo, baba aliweza kulivunja. Baba alitaka gari la bei nafuu lisilo na madoido, mwana alipenda gari lenye umbo la kupendeza. Fahali wawili hawakai zizi moja, lakini Edsel alinyamaza na kuvumilia.

Nafasi yake ilikuja mwaka wa 1922, walipoinunua kampuni ya Lincoln kwa dola milioni 8. Kumbe Lincoln yenyewe ilizaliwa vitani! Ilianzishwa mwaka wa 1917 kuunda injini za ndege za Vita Vikuu vya Kwanza, kisha ikageukia magari ya kifahari. Hapo ndipo Edsel alipata uwanja wake.

Mwaka wa 1938 alimwomba mchoraji wake wa magari, Bob Gregorie, ambunie gari la kutumia likizoni Florida. Gregorie alichukua umbo la Lincoln-Zephyr, akalishusha chini, akairefusha boneti, na gurudumu la spea akalisimamisha nje, nyuma ya buti. Gari lilifika Florida Machi 1939. Matajiri kuliona tu, nao wakalitaka! Basi kabla ya mwaka kwisha, Lincoln Continental ilianza kuundwa ili iuzwe, ikiwa na injini ya silinda 12.

Lakini vita vilikuwa vimeshaanza Ulaya, na havikukawia kufika hata kwetu. Tarehe 16 Desemba 1940 majeshi ya Afrika Kusini na Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, yaliwashambulia Waitalia hapa hapa Elwak. Katika vita hivyo vya Afrika Mashariki, Waafrika Kusini walitumia magari ya deraya yaliyojengwa juu ya fremu za Ford. Kwa hivyo jina lililopamba magari ya matajiri Florida lilikuja huku kwetu likiwa limevaa chuma.

Marekani nayo iliingia vitani Desemba 1941. Februari 1942 uundaji wa magari ya raia ulisimamishwa, na Continental ikakatizwa. Edsel akatia nguvu zake katika Willow Run, kiwanda kikubwa cha ndege za mabomu za B-24. Mwanzoni kazi ilikwenda polepole mno. Kufikia mwaka wa 1944 kiwanda kiliweza kutoa ndege moja kila saa, lakini Edsel hakuyaona hayo. Alikuwa akiugua saratani ya tumbo huku akiendelea na kazi. Alifariki tarehe 26 Mei 1943, akiwa na miaka 49. Babake, mzee wa karibu miaka 80, akamzika mwanawe wa pekee na kurudi kwenye kiti cha urais.

Continental ilirudi mwaka wa 1946, ikakoma mwaka wa 1948. Halafu, mwaka wa 1957, kampuni ilitoa gari jipya lililoitwa Edsel. Jamani, halikununulika! Liliachwa mwaka wa 1959, na jina hilo likawa mfano wa hasara. Watu humcheka marehemu kwa gari ambalo hakulichora wala kuliona.

Wanafunzi wenzangu, mimi naona hiyo si haki. Ukitaka kumpima Edsel, liangalie lile gari la mwaka wa 1939. Hilo ndilo alilolitaka yeye mwenyewe.