Mwenda Jean Bosco, Fundi wa Gitaa

1. Gitaa chini ya Mlima Meru

Gitaa si chombo cha asili yetu. Wazee wa zamani wa Meru na Arusha hawakuwa nalo. Walikuwa na nyimbo zao na ngoma zao, na walicheza kwa makofi na kwa miguu. Gitaa lilikuja kutoka ng'ambo.

Lakini leo gitaa linajulikana kila kijiji. Watoto huanza na gitaa la debe. Hutafuta galoni tupu la mafuta na kipande cha ubao. Kisha hutafuta waya za breki za baiskeli. Waya hizo ndizo nyuzi. Gitaa likiwa tayari, mtoto hukaa chini ya mgomba na kupiga mpaka mama amwite kuchota maji.

Kila anayejifunza gitaa ana fundi anayempenda. Humsikia katika redio. Hujaribu kupiga kama yeye, akashindwa, akajaribu tena. Hujiuliza vidole vya fundi huyo vinapita wapi. Akibahatika kukutana naye uso kwa uso, siku hiyo haisahau.

Habari hii inaeleza maisha ya fundi mmoja wa namna hiyo. Jina lake ni Mwenda Jean Bosco. Alitoka Kongo, aliimba kwa Kiswahili, na aliwafundisha watu wengi wa Afrika Mashariki ambao hakuwaona kamwe.

2. Kijana wa Bunkeya

Mwenda alizaliwa mwaka 1930 katika nchi ya Katanga, kusini ya Kongo. Wakati huo Kongo ilikuwa koloni la Wabelgiji. Nyumbani kwao ni Bunkeya.

Bunkeya si mahali pageni sana kwetu Watanzania. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Kinyamwezi walitoka upande wa Tabora. Walivuka nchi mpaka Katanga kutafuta shaba na pembe za ndovu. Mmoja wao aliitwa Msiri. Yeye hakurudi. Alikaa huko, akapata nguvu, akawa mfalme, na Bunkeya ukawa mji wake mkuu. Mwaka 1891 msafara uliotumwa kwa niaba ya Leopold, mfalme wa Wabelgiji, ulifika Bunkeya. Msiri alikataa kuitoa nchi yake, akauawa.

Watu wa Msiri huitwa Bayeke. Mwenda alikuwa mmoja wao. Hata jina Mwenda limo katika majina ya watawala wa Bunkeya. Basi tukimtazama vizuri, tunaona kwamba mizizi yake inafika mpaka Unyamwezi.

Mwenda alipelekwa shule. Alijifunza kusoma na kuandika. Elimu hiyo ilimfaa sana, kwa kuwa baadaye alipata kazi ya ukarani. Gitaa alilipiga baada ya kazi.

3. Mji wa shaba

Katika Katanga kuna migodi mikubwa ya shaba. Wabelgiji walijenga miji karibu na migodi hiyo. Mji mmoja waliuita Jadotville. Siku hizi unaitwa Likasi. Mji mwingine waliuita Elisabethville. Huo ndio Lubumbashi ya leo.

Watu wa makabila mengi walikwenda huko kutafuta kazi. Kila mmoja alikuja na lugha yake. Ili waelewane, walisema Kiswahili. Kiswahili chao kina tofauti na chetu, lakini mtu wa Arusha akikisikiliza kwa utulivu atakielewa.

Wafanyakazi hao walikuwa mbali na kwao. Jioni walitaka kitu cha kuwaburudisha. Wengine walitumia mshahara wao kununua gitaa. Mtu mmoja aliweza kukaa mbele ya nyumba na kupiga peke yake, na majirani wakakusanyika. Aliimba habari za mapenzi, za fedha, za safari, na za ndugu walioachwa nyumbani. Mwenda alikuwa mmoja wa vijana hao.

4. Siku iliyobadilisha maisha yake

Mwaka 1952 mgeni alifika Jadotville. Aliitwa Hugh Tracey. Alikuwa Mwingereza aliyekuja Afrika akiwa kijana kufanya kazi ya shamba la tumbaku katika nchi ambayo sasa ni Zimbabwe. Huko alizipenda nyimbo za wafanyakazi wenzake Waafrika. Tangu hapo alianza kuzikusanya. Alizunguka nchi nyingi na mashine ya kunasa sauti. Hata Tanganyika alifika, mwaka 1950, akanasa nyimbo za makabila yetu.

Siku hiyo huko Jadotville Tracey alimkuta kijana akipiga gitaa barabarani. Kijana huyo alikuwa Mwenda, na umri wake ulikuwa kama miaka 22. Tracey alisimama, akasikiliza. Alikuwa amewasikia wapigaji wengi, lakini huyu hakufanana nao. Alimwomba apige mbele ya mashine yake.

Mwenda alipiga. Wimbo mmoja uliitwa Masanga. Mwingine uliitwa Bombalaka. Sauti zilipelekwa Afrika Kusini, zikatengenezwa sahani za santuri, na sahani hizo zikauzwa katika nchi nyingi. Chama cha muziki wa Kiafrika alichokianzisha Tracey kiliupa wimbo wa Masanga tuzo.

Tufikiri kidogo juu ya jambo hili. Katika miji ile walikuwako wapigaji wengine hodari. Mashine haikuwafikia, na leo hatuyajui majina yao. Mwenda alikutwa barabarani kwa bahati. Lakini bahati ilimkuta akiwa tayari ni fundi.

5. Vidole viwili

Sasa tueleze ufundi wenyewe. Gitaa lina nyuzi sita. Nyuzi nene hutoa sauti nzito. Nyuzi nyembamba hutoa sauti kali. Mkono wa kushoto hubana nyuzi, na mkono wa kulia huzipiga.

Wapigaji wengi wanaoanza huzikwaruza nyuzi zote pamoja. Mwenda hakufanya hivyo. Mkono wake wa kulia ulitumia vidole viwili, yaani kidole gumba na kidole cha shahada. Kidole gumba kilipiga nyuzi nene kwa mwendo usiobadilika, kama mtu anayetwanga kwenye kinu. Kidole cha shahada kilicheza juu ya nyuzi nyembamba. Mara kilifuata mwendo wa gumba, mara kilipita katikati yake.

Mtu asiyemwona angeweza kudhani kwamba wapigaji ni wawili. Hapo ndipo wanafunzi wake wa mbali walipopata taabu. Sahani ya santuri hutoa sauti, lakini haionyeshi mkono. Mwanafunzi alisikia mambo mawili kwa wakati mmoja. Alilazimika kuyatenganisha mwenyewe, moja moja, kwa masikio tu.

Huko London mtaalamu aliyeitwa David Rycroft alizisikiliza sahani za Mwenda kwa muda mrefu. Aliandika kwa alama za muziki kila sauti aliyoisikia. Kazi yake ilitolewa katika miaka ya 1961 na 1962. Muziki wa karani aliyekuwa akipiga barabarani ulisomwa na wataalamu.

6. Jina lake lafika Afrika Mashariki

Katika miaka ya 1950 watu wenye fedha kidogo walianza kununua gramafoni. Gramafoni moja ilitosha kuwakusanya watu wa mtaa mzima. Sahani za Mwenda zilipendwa sana Afrika Mashariki, kwa sababu ya gitaa lake na kwa sababu aliimba Kiswahili.

Mwishoni mwa miaka hiyo Mwenda mwenyewe alikwenda Nairobi. Alikaa huko kwa muda, na alipiga katika redio. Ndugu yake Edouard Masengo, naye mpigaji gitaa, pia alifanya kazi Nairobi. Wapigaji wa Kenya waliomsikia Mwenda kwenye sahani sasa walimpata karibu. Mtindo wa vidole viwili ukaenea mijini na vijijini.

Upande wetu pia gitaa lilikuwa limeshika. Katika miaka hiyohiyo ya 1950 Frank Humplink wa Moshi alikuwa akiimba na dada zake, na nyimbo zao zilitolewa kwenye sahani za santuri.

7. Magitaa ya umeme

Mwaka 1960 Kongo ilipata uhuru. Siku chache baadaye Katanga ilitangaza kujitenga, na vita vikafuata mpaka mwaka 1963. Watu wengi waliteseka.

Muziki nao ulibadilika. Zilikuja bendi kubwa zenye magitaa ya umeme, ngoma za kizungu na matarumbeta. Watu walitaka kucheza dansi katika kumbi. Hapa Arusha tuliyaona mabadiliko hayo. Mwaka 1970 ndugu wawili kutoka Tanga, Wilson Peter Kinyonga na George Peter Kinyonga, walikuja Arusha wakaunda bendi ya Arusha Jazz. Mwaka 1971 walihamia Mombasa, na huko wakaunda Simba Wanyika. Bendi hiyo ilipata sifa kubwa Kenya na Tanzania.

Bendi zilileta furaha. Lakini mpigaji wa gitaa moja, aliyekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba, alianza kusahauliwa. Vijana waliona kwamba muziki wake ni wa kizamani.

Mwenda hakuacha gitaa. Mwaka 1969 alialikwa Marekani, akapiga katika tamasha kubwa la Newport. Katika miaka ya 1970 serikali ya nchi yake iliwataka watu waache majina ya kizungu. Nchi yenyewe iliitwa Zaire, na Katanga iliitwa Shaba. Tangu hapo Jean Bosco akajulikana kwa jina la Mwenda wa Bayeke.

8. Mwanafunzi kutoka mbali

Huko Uingereza palikuwa na mpigaji gitaa aliyeitwa John Low. Aliupenda mtindo wa Katanga. Aliona kwamba sahani peke yake hazitoshi, na kwamba mafundi wenyewe wanazidi kuzeeka. Mwaka 1979 alifunga safari.

Wakati huo haukuwa mwema. Mwaka 1977 na mwaka 1978 palikuwa na mapigano katika mkoa wa Shaba. Mtu mwingine angeahirisha. Low alikwenda mpaka Lubumbashi, akamtafuta Mwenda, akampata. Aliwapata pia Masengo na fundi mwingine aliyeitwa Losta Abelo.

Sasa mwanafunzi alikaa mbele ya fundi wake. Aliweza kuona kwa macho mambo ambayo sahani haionyeshi. Aliona gumba linapotua na kidole cha shahada kinapopita. Aliuliza, akajibiwa. Akikosea, fundi aliweza kumsahihisha.

Low hakuiacha safari hiyo ipotee. Aliandika habari zake, na mwaka 1982 zikatolewa kitabu. Kwa hiyo wengine wasioweza kusafiri wameweza kusoma jinsi mafundi wale walivyopiga.

9. Mwisho wa safari

Mwaka 1988 Mwenda alikwenda Cape Town, Afrika Kusini. Huko zilinaswa tena baadhi ya nyimbo zake. Mashine zilikuwa bora kuliko ile ya mwaka 1952. Vidole vilikuwa vilevile viwili.

Mwaka 1990 Mwenda alikufa katika ajali ya gari. Alikuwa na umri wa miaka 60 hivi.

Tuhesabu. Low alifika Lubumbashi mwaka 1979. Mwenda alikufa mwaka 1990. Miaka iliyo katikati ni 11 tu. Kama Low angesema kwamba atakwenda baadaye, baada ya mavuno, au baada ya kupata fedha zaidi, labda angefika na kuonyeshwa kaburi.

10. Tunajifunza nini?

Ndugu msomaji, katika kijiji chako wako mafundi. Yuko anayejua kuchonga mizinga ya nyuki. Yuko anayejua dawa za miti. Yuko mama anayejua nyimbo za zamani za harusi, mwanzo hadi mwisho. Labda yuko na mzee mwenye gitaa ukutani, ambalo halijaguswa siku nyingi.

Watu hao hawatakaa milele. Redio na simu zitatuletea sauti kutoka mbali, na hilo ni jema. Lakini mkono wa fundi hujifunzwa kwa kukaa karibu naye.

Zamani tungesikiliza tu, tukasahau. Sasa tunajua kusoma na kuandika. Tunaweza kuchukua daftari na kalamu, tukaenda kwa mzee, tukamwamkia, tukamwomba atufundishe. Tuandike jina lake, mahali alipozaliwa, na kazi anayoijua. Tufanye hivyo wiki hii.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Mwenda alizaliwa wapi na mwaka gani?
2. Bunkeya na Unyamwezi vina uhusiano gani?
3. Mwenda alitumia vidole gani vya mkono wa kulia? Kila kidole kilifanya kazi gani?
4. Kwa nini ilikuwa vigumu kujifunza kwa kusikiliza sahani peke yake?
5. Elimu ya kusoma na kuandika ilimsaidiaje Mwenda? Ilimsaidiaje John Low?
6. Taja fundi mmoja wa kijijini kwako. Ni nani anayejifunza kazi yake? Kama hakuna, tufanye nini?